Mwalimu Aliyeinama

Tarehe 6 Machi 1911, siku ya Jumatatu, jina la Loserian liliandikwa kwenye daftari la shule moja ndogo mjini Arusha: mwalimu msaidizi wa mazoezi ya viungo, umri wapata miaka ishirini. Hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuitwa mwalimu. Mama yake, Nalepo, alilirudia neno hilo sokoni mpaka wauza ndizi wakamwomba apumzike.

Kila asubuhi, kabla ya kuandika, wanafunzi walijipanga uwanjani, wakainama mpaka vidole viguse nyasi. Asiyefika alisukumwa mgongoni. Mwalimu mkuu, Mjerumani, alisukuma kwa fimbo. Loserian aliagizwa asukume kwa mikono. Agizo la pili lilikuwa fupi: mwalimu hamwinamii mwanafunzi.

Hilo lilimkaa vibaya. Kwa Waarusha, kijana akikutana na mtu wa rika la baba yake humwinamishia kichwa, na mzee humgusa utosini. Kumsukuma mzee huyo ni kulitukana rika zima.

Mwezi Mei akaja Sironka wa Olmotonyi, jumbe mpya, aliyeletwa pamoja na wazee wenzake wawili wajifunze kusoma barua za boma. Alikuwa wa rika la baba yake Loserian. Siku ya kwanza uwanjani aliinama, mikono ikakomea magotini.

"Mzee, mgongo huo ni wa mawe?" alitania Omari, mtoto wa fundi cherehani.

"Mgongo huu umevusha ndama mto Nduruma ukiwa umefurika. Wako umebeba nini? Sindano?"

Uwanja mzima ukacheka, isipokuwa mwalimu mkuu.

"Msukume," alimwambia Loserian. "Ukishindwa, kazi yako imekwisha leo."

Sironka alisema taratibu, kwa Kimaa, lugha yao: "Mimi nitakusamehe, mwanangu. Rika langu halitakusamehe."

Loserian akamsogelea, mikono nyuma. Akamwinamishia kichwa. Mzee akanyoosha mkono amguse, kichwa kikashuka. Akanyoosha tena, kikashuka zaidi. Loserian akapiga magoti, paji la uso likakaribia nyasi. Na Sironka, ambaye hajawahi kuiacha salamu ya mtoto bila jibu, akaufuata utosi ule mpaka chini. Vidole vikagusa nywele, kisha nyasi.

"Mjanja wewe," alisema, akicheka bila kuinuka. "Baba yako alikuwa hivi hivi."

Mwalimu mkuu akawasogelea.

"Sikukuagiza uiname. Nilikuagiza umsukume."

Loserian akasimama, nyasi zimemganda usoni. "Ndiyo, Bwana. Na vidole vyake viko chini."

Mjerumani alivitazama vidole, akaichukua fimbo yake, akaingia darasani.

Jumatatu iliyofuata Loserian alifundisha peke yake. Aliwainamia kwanza wazee watatu wa safu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, ndipo akawaambia wanafunzi waanze.