Nyumba Iliyo Juu ya Matangi

Fundi bomba wa jengo lile la ghorofa tisa alijijengea nyumba ya mbao na mabati juu kabisa, kwenye paa la chumba cha mashine za lifti, maana mwenye jengo hakumpa nafasi pengine. Alipima milango, akapima madirisha, akafunga bomba la jikoni kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya kuhamia, mkewe alifungua koki. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ndipo fundi mzima alipong'amua kwamba nyumba yake iko juu kuliko matangi ya maji ya jengo, na maji hayapandi mlima!

"Baba watoto, na wewe unajiita fundi?" Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kila asubuhi fundi anapanda ngazi ya chuma na ndoo mbili za maji kutoka kwenye matangi, magoti yanamlilia, na mkewe hacheki tena. Leo, kabla hajazitua, simu ikaita. Ni mama wa ghorofa ya tatu.

"Fundi, maji yanachuruzika tu! Lakini wewe unayekaa na matangi, shida ya maji utaijulia wapi?"

Fundi akatazama suruali yake iliyolowa mpaka magotini.

"Pole, mama," akasema. "Nashuka."