Sabuni za Wakaguzi

Semeni, mfanya usafi wa kituo chetu cha afya upande wa Mwera, ana mdomo. Ukitoka wodini bila kunawa atakutaja jina mbele ya wagonjwa, uwe muuguzi kama mimi au uwe na shahada tatu. Mwezi wa kwanza nilimchukia, nakiri. Sasa nampenda kuliko shangazi zangu.

Mwaka jana wakaguzi walikuta leba haina hata kipande cha sabuni. Wakatupa miezi mitatu: tusipojirekebisha, wodi ya wazazi inafungwa na kina mama wakajifungulie Pangani mjini. Wakati huo Lina, binti yake Semeni, alikuwa na mimba ya miezi sita. Uzazi wake wa kwanza ulimkuta njiani kuelekea huko huko, na mtoto hakupona. Semeni akawa hali, halali.

Mganga mfawidhi wetu, Daniel, akahangaika mpaka akapata sabuni, ndoo za koki na taulo nyeupe. Akavifungia stoo. Visiguswe hadi wageni waje, alisema, kama zile sahani za kabatini ambazo wenye nyumba hawazilii. Nasi, wasomi wazima, tukaitikia.

Ufunguo wa stoo anao Semeni. Jumatatu iliyofuata akagawa vyote, leba na wodini, vitumike.

Siku ya ukaguzi ilipofika, sabuni zilikuwa zimekonda, ndoo zina madoa, taulo zimepauka kwa jiki. Daniel alimfuata Semeni kwa hasira.

"Bi Semeni, umetuangusha. Tutawaonyesha nini sasa?"

"Mikono, baba," akajibu, akaendelea kudeki.

Mkaguzi, mama mmoja mkavu aitwaye Yudith, alichukua kipande cha sabuni, akakigeuzageuza. Akawauliza wazazi waliolazwa kama wauguzi hunawa. Wakacheka, wakasema watathubutuje kuacha na Semeni yupo. Daniel akaanza kuomba radhi kwa ule uchakavu.

"Usiombe radhi," Yudith akamkatiza. "Nimechoka kukagua sabuni zilizo ndani ya karatasi zake."

Wodi ikabaki wazi. Nilipiga vigelegele pale pale kama niko harusini, wala sikuona haya.

Lina alijifungulia kwetu Alhamisi moja mchana, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, na sauti ya bibi yake. Semeni alikuwa zamu. Akadeki kwanza damu ya mwanawe, akanawa mpaka viwikoni, ndipo akaomba apewe mjukuu.