Mwalimu aliyefuta kila jina kwenye makala yake

Saa moja na nusu asubuhi, Mwalimu Vestina Harerimana amepiga magoti nyuma ya darasa la tano, jembe dogo mkononi, anabomoa kichuguu. Kitenge alichojifunga kiunoni kimeshakuwa rangi moja na kichuguu chenyewe. Wasichana wanne wamesimama pembeni na makopo matupu ya mafuta ya kula, wanasubiri kujaziwa.

"Msichukue wa juu, huo umeshapigwa na jua," anawaambia. "Ingiza mkono ndani. Ukiusikia laini kama unga, huo ndio wetu."

Udongo unachekechwa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, kisha unakorogwa na uji mwepesi wa muhogo ili usipukutike ukikauka. Karatasi ni mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kukung'utwa. Brashi ni vijiti vilivyotafunwa ncha. Kufika saa nne, ukuta wa Shule ya Msingi Nyakasebe, katika kata ya Rungwe Mpya wilayani Kasulu, umejaa picha za ng'ombe, za akina mama wanaopalilia mihogo, na moja ya mwalimu mkuu ambayo ni afadhali asiione.

Darasa hilo lina wanafunzi mia moja na kumi na wawili. Mara ya mwisho shule kupata penseli za rangi ilikuwa miaka miwili iliyopita, maboksi mawili.

"Tulizivunja vipande tukagawana," anasema Vestina, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, kumi na minne kati ya hiyo akiwa mwalimu. "Mtoto anaangukia bluu tu. Basi anachora ng'ombe wa bluu, nyumba ya bluu, bibi yake wa bluu. Nikasema hapana, hii si sanaa, hii ni njaa ya rangi."

Nyekundu ameipata kwenye kichuguu. Nyeusi ni tope la bondeni na masizi ya jikoni. Nyeupe inatoka mbali: kila likizo anapokwenda kumwona mama yake Kumsenga, wilayani Kibondo, anarudi na kiroba cha udongo mweupe ambao wenyeji huuita ingwa, ule ule waliopakia kuta za nyumba tangu zamani.

Mambo yangeweza kuishia hapo, mwalimu mbunifu na watoto wenye furaha. Lakini mwaka juzi, kwenye semina ya walimu mjini Kasulu, mkufunzi kutoka chuo kimoja cha ualimu alizitazama picha zile, akasifu mpaka watu wakageuka. Halafu akauliza swali lililomnyima Vestina usingizi.

"Aliniuliza, 'Imeandikwa wapi hii?' Nikamwambia haijaandikwa, iko kichwani. Akasema, 'Mwalimu, siwezi kuwafundisha wenzako kitu cha kusimuliwa. Kikitoka kwenye jarida, mimi nitakibeba nipeleke chuoni.'"

Vestina akaamua kuandika. Alitumia miezi mitano na madaftari matatu, akiandika kwa mkono baada ya kusahihisha kazi za watoto. Januari mwaka huu akapanda pikipiki, zaidi ya saa moja ya vumbi, hadi mjini Kasulu kwenye duka la vifaa vya ofisi la Shamsi Abdalah, ambako walimu wengi huchapishiwa barua zao.

Shamsi ana miaka hamsini na miwili. Babu yake alikuja kutoka Pangani na mzigo wa vitambaa na hakurudi tena, na mjukuu amebaki na maneno mengi ya kipwani. Ndiye aliyemsomea Vestina masharti ya jarida la elimu ya sanaa linalotolewa Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka. Sharti la nne lilisema: mwandishi asijitambulishe mahali popote ndani ya makala.

Sababu yake ni ya kawaida. Makala husomwa na walimu wengine wasiojua nani kaandika, ili wasipendelee wala kuonea. Kinachotakiwa ni kuondoa jina lako, basi.

Vestina aliondoa kila kitu.

Aliondoa jina la shule. Akaondoa Rungwe Mpya, akaondoa Kasulu, Kumsenga na Kibondo. Bonde linakochimbwa udongo mweupe likawa "bonde moja". Watoto ambao huandika majina yao kwa herufi kubwa katikati ya picha, majina yao yalifunikwa kwa vipande vya karatasi kabla ya picha kupigwa. Shamsi ndiye aliyekuwa kwenye kompyuta, na anakumbuka kwamba walifuta sehemu arobaini na sita.

"Nilimwambia, Mwalimu wangu, hata polisi wakiisoma hii hawampati mtu!" anasema Shamsi, akicheka mpaka anashika meza. "Akanijibu, 'Kaka Shamsi, ndivyo walivyotaka. Wewe futa.' Nami nikafuta. Mteja ni mteja."

Jibu lilikuja mwezi Machi. Makala imerudishwa. Mmoja wa wasomaji aliandika maneno ambayo Vestina ameyashika kwa moyo: "Nimesoma kurasa kumi na nne kuhusu udongo bila kujua nimesimama kwenye ardhi ya wapi. Mwalimu mwingine ataupata wapi udongo huu? Na watoto hawa ni akina nani?" Alipewa siku ishirini na nne kuirekebisha. Zikipita, jalada linafungwa.

Mhariri wa jarida hilo, Mwanahawa Saady, alipozungumza nami kwa simu, hakuficha mshangao wake. "Wengi tunawabembeleza wayaondoe majina yao, wanasahau. Huyu alituletea makala tupu kabisa. Lakini ilikuwa nzuri, na ndiyo maana hatukuitupa."

Nilimuuliza Vestina kwa nini hakushtuka mapema. Mtu anawezaje kuandika kurasa kumi na nne kuhusu kwao bila kupataja kwao, asione kwamba kuna kitu hakipo? Alichota maji, akanawa mikono polepole, udongo mwekundu ukichuruzika mpaka kwenye viatu vyake.

"Kwa sababu nilikuwa nimezoea," alisema mwishowe.

Baba yake, Marselino Harerimana, alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Akalima Kumsenga, akaoa Mha wa hapo hapo, akazaa watoto sita, Vestina akiwa wa nne. Mdogo wake Marselino alikuja baadaye sana, akawekwa kambini Mtabila, na watoto wa Marselino walikuwa wakienda kumsalimia wakijifanya wamefuata soko.

"Baba alitufundisha kama wengine wanavyofundishwa sala. Ukiulizwa unatoka wapi, taja shule, usitaje kwenu. Ukiandika barua, usiandike imetoka kwa nani. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 baba mdogo akarudi Burundi, na mimi wakati huo ni mwalimu tayari, lakini sikumwambia mtu yeyote ofisini kwamba nimeagana na ndugu. Nililia chooni, nikarudi darasani."

Mzee Marselino alifariki miaka tisa iliyopita. Hakuna aliyewahi kumsumbua mwanawe kwa asili yake, Vestina anasisitiza hilo, na majirani zake Rungwe Mpya wanampenda kupita kiasi. Woga tu ulikuwa umebaki mwilini. Sharti la nne lilipomwambia ajifiche, aliona limemwambia jambo analolijua kuliko kuandika kwenyewe.

Kurudisha majina kulikuwa kazi ngumu kuliko kuyafuta. Jarida lilitaka idhini ya mzazi kwa kila mtoto ambaye jina na picha yake vingechapishwa. Watoto walikuwa tisa. Vestina alizunguka nyumba hadi nyumba baada ya masomo, na ndani ya wiki moja wazazi wanane walikubali, wengine wakiuliza kama watatokea kwenye televisheni.

Wa tisa alikuwa Bibi Esteri, anayemlea mjukuu wake Ndayikeza Bazilio wa darasa la tano. Picha ya Ndayikeza ndiyo iliyoibeba makala nzima: nyumba inayopakwa rangi na wanawake watatu, kwa rangi zote tatu za udongo. Walimu walioisoma makala kwa niaba ya jarida walikuwa wameitaja mara mbili.

Bibi Esteri ana miaka sabini na minne. Alimkaribisha mwalimu, akampa mahindi ya kuchoma, akasikiliza mpaka mwisho, akakataa.

"Jina la mtoto liache kwenye daftari la shule, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kiha. "Hapo linatosha. Mimi nimeona majina yakisomwa kwenye karatasi, kule Burundi. Mume wangu wa kwanza alikuwa wa kumi na moja, hakurudi."

Vestina hakubishana. Aliaga, akaenda nyumbani, na anakiri kwamba usiku ule aliona afadhali jalada lifungwe. Bila picha ile makala ingekuwa kiwete, na kumlazimisha bibi yule asingeweza. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Siku mbili baadaye alirudi na karatasi zake zote. Hakuomba kitu. Alisema amekuja kumsomea Bibi kilichoandikwa, ajue mtoto wake anasemwaje. Akaketi kwenye kigoda, akasoma ukurasa kwa ukurasa, akigeuza kwa Kiha papo kwa papo. Alisoma Rungwe Mpya na Kumsenga. Alisoma pia mstari aliouandika jana yake, kwamba rangi nyeupe aliijua utotoni kwa sababu baba yake, Marselino Harerimana, mkimbizi wa mwaka 1972, alikuwa akimbebea mkewe udongo huo kutoka bondeni.

Bibi Esteri akamkatisha.

"Hilo umeliandika mwenyewe? Hakuna aliyekushurutisha?"

"Hakuna, Bibi."

"Na litakwenda mpaka Dar es Salaam?"

"Ego. Na mbele zaidi, wakilipenda."

Vestina akaendelea kusoma, akafika mahali panapoeleza namna ya kuchimba udongo mweupe kwa jembe, juu juu, ukingoni mwa bonde.

"Umekosea!" Bibi Esteri alisema kwa sauti iliyomshtua hata kuku. "Ingwa haichimbwi hivyo. Ya juu inageuka njano mvua moja tu ikipita. Chimba mpaka magotini, utakuta tabaka baridi, linang'ata ulimi. Mimi nimekaa Kumsenga miaka kumi na miwili, nimepaka nyumba za watu mpaka nimechoka. Nani alikudanganya?"

Vestina alichukua kalamu akasahihisha pale pale. Bibi akamwangalia akiandika, akamwambia asome tena. Akasoma tena.

"Sasa ni sawa," alisema Bibi. "Na andika nani kakusahihisha. Watu wasije wakadhani ulijua mwenyewe."

"Nikuandike kwa jina, Bibi?"

"Sasa utaniandika kwa nini, kwa mguu?"

Hapo Vestina alicheka, halafu akalia, na hata anaponisimulia machozi yako karibu. Ndayikeza aliitwa kutoka jikoni. Aliandika jina la bibi yake kwenye fomu ya idhini kwa herufi zake kubwa, na Bibi akaweka dole gumba, akalikandamiza kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Makala ilitumwa kutoka dukani kwa Shamsi siku ya ishirini na mbili, ikiwa na majina yote isipokuwa la mwandishi na la baba yake. Hata mstari wa Mzee Marselino ulibaki, ukisema tu "baba wa mwandishi", kwa maelekezo ya mhariri. Majina hayo mawili yangerudishwa wakati wa kuchapa. Shamsi anasema safari hii alichapa kwa furaha, kwa sababu ameona mahali anapopajua.

Wiki sita baadaye simu ya Vestina iliita wakati wa mapumziko. Imekubaliwa, itatoka toleo la Desemba. Walimu wenzake walipiga makofi, mwalimu mkuu akatoa soda, na Vestina akaenda moja kwa moja kwa Bibi Esteri, ambaye aliuliza jambo moja tu: kama lile la magotini halijafutwa.

Mkufunzi wa chuo ameshamwandikia. Toleo likitoka, anataka Vestina aende akafundishe somo hilo mwenyewe kwa wanachuo wa mwaka wa pili, na aende na kiroba cha udongo. Vestina naye ameshaanza daftari la nne. Anataka kuandika kuhusu wanawake wanaopaka nyumba, kuanzia Kumsenga mpaka Kasulu, kila mmoja kwa jina lake na kijiji chake, kabla hawajaisha.

Kulibaki jambo moja. Jarida lilihitaji maneno machache ya kumtambulisha mwandishi chini ya makala. Shamsi alimwandikia mstari mmoja: "Mwandishi ni mwalimu wa shule ya msingi." Vestina alikaa mbele ya kompyuta ile karibu saa nzima, wateja wakipita, akifuta na kuandika upya. Alinionyesha alichokituma, na kwa ruhusa yake nakinukuu chote:

"Vestina Harerimana alizaliwa Kumsenga, Kibondo. Baba yake alitoka Burundi, mama yake ni Mha. Anafundisha Shule ya Msingi Nyakasebe, Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu. Mwalimu yeyote anayetaka kuuona udongo huu aje. Anapatikana."