Aliyekuwa Pua ya Dada

Shemeji alikuja saa nane mchana akiwa bado na mabuti ya kiwandani. Hakuwa shemeji wa kweli. Alifanya kazi na dada yangu kwenye tangi moja, na miaka yote aliapa kwamba atamchumbia mmoja wetu akishajua nani ana kelele kidogo. Siku hiyo hakutania.

"Dada mdogo, kaa kwanza."

Nikajua kabla sijakaa.

"Alikuwa ndani ya tangi," alisema. "Tulimtoa, lakini Mungu alishamchukua."

Dada alitengeneza dawa ya malaria kwa miaka kumi na tisa. Magome ya mti yalisagwa, yakachanganywa na chokaa, kisha yakalowekwa kwenye klorofomu ndani ya tangi refu kuliko mtu. Klorofomu ndiyo iliyotoa dawa kwenye magome. Ina harufu tamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi, na mvuke wake ni mzito, hulala chini, na anayeuvuta sana huzimia. Chumba cha tangi hakikuwa na nzi hata mmoja aliye hai. "Kwetu ni safi kuliko hospitali," Dada alisema, akiwafagia nzi waliokufa dirishani.

Mwaka wa kumi pua yake ilikufa. Chakula kiliungua mbele yake asijue. Tangu hapo, kila jioni alisimama mlangoni, akainamisha kichwa, akaniambia, "Ninuse." Nikisema ananuka, alikwenda kuoga kabla hajawashika wanawe. Nikisema yuko safi, aliingia.

Baadaye macho yakaanza kuwa manjano. Kichwa kilimuuma wiki nzima, kikapoa Jumapili tukiwa ibadani. "Unaona? Mungu mwenyewe hataki niende kazini," alinong'ona, nami nikamfinya anyamaze. Lakini nilimsikia akiomba. Alitaka jambo moja tu, klorofomu iondoke kiwandani kabla haijamwondoa yeye.

Jibu lilitoka jikoni kwetu. Unga wa magome na chokaa ulidondoka kutoka kwenye koti lake ukaingia kikaangoni, na chakula chote kikawa kichungu. Sisi tulinung'unika. Yeye alichovya kidole kwenye mafuta, akaonja, akatulia. "Kama mafuta yamebeba uchungu, yamebeba dawa," alisema.

Meneja alimcheka. "Mafuta ni ya kukaangia, Mama. Unataka tufungue mgahawa?"

"Fungua, Bosi. Angalau wateja watatoka wazima."

Alipewa ndoo moja ya mafuta ajaribie. Alipika magome kwenye mafuta ya moto, akayachuja, kisha akayatikisa pamoja na maji yenye asidi kidogo. Maji yalichukua dawa, mafuta yakabaki. Mara ya kwanza alipata kijiko tu. Akasaga laini zaidi, akaongeza chokaa, akarudia kwa miezi minane, mpaka uzito wa dawa ukalingana na ule uliopatikana kwa klorofomu. Meneja alipima mara mbili, kisha akasema, "Umeshinda. Ila yamebaki mapipa mawili ya klorofomu. Tuyamalize kwanza, halafu tuhamie kwenye mafuta yako."

Jioni ile alirudi nyumbani nusura akimbie.

"Mawili tu, mdogo wangu. Haya, ninuse."

Nikanusa kitambaa chake cha kichwa. "Uko safi."

Binti yake akamkumbatia, akasema, "Mama ananukia matunda."

Nilimwambia aache utani. Nikanusa tena, sikusikia kitu. Nilikuwa nimenusa kitambaa kile kwa miaka tisa, na sikujiuliza hata mara moja kama pua yangu nayo bado ilikuwa hai. Sijui ni jioni ngapi nilimruhusu aingie hivyo kwa watoto. Mungu anisamehe.

Siku ya tatu walimaliza pipa la kwanza. Masalia ya magome yalikuwa yameganda chini ya tangi, na ilibidi mtu ashuke kwa ngazi kuyakwangua. Hayo niliyapata kwa Shemeji, pale mlangoni, mchana ule alipoleta habari.

"Nilinusa mimi kwanza," alisema. "Kila mara huwa nanusa mimi. Nikamwambia pako safi, shuka."

Alitazama mabuti yake, akingoja nimlaani. Nilimvutia kiti, nikampa maji.

Tulimwosha Ijumaa asubuhi, mimi na shangazi. Nilipomfunga kitambaa kipya kichwani, niliinama nikanusa kwa mazoea. Sikusikia harufu yoyote. Nikamwita binti yake, nikamwomba anuse yeye.

"Sabuni," alisema.

Tulimzika saa tisa. Shemeji alibeba jeneza upande wa kichwani. Meneja alisimama nyuma ya watu. Tulisali, kila mmoja akatupa udongo, kisha wanaume wakafukia kwa majembe mpaka wakamaliza. Niliwashika watoto mikono, tukarudi nyumbani.