Mlango Usiogongwa

Nyinyi mlioko Mombasa mnauliza nilifuata nini Maskati, mie niliyeapa kuwa sitoki kwangu Sib mpaka joto lipungue. Nilifuata jicho la Mama. La kushoto lilikufa zamani, na la kulia mtoto wa jicho alikuwa keshalifunika. Likiharibika na hilo, basi ni kiza mpaka kaburini.

Alfajiri tulipanda Landrova ya jirani. Njia ni mchanga na mawe, na Mama, asiyeona kitu, ndiye aliyemfundisha dereva kuendesha. Adhuhuri tulikuwa Matrah, na kabla ya alasiri tukapita lango la Maskati.

Hospitalini alitupokea nesi wa Kizungu, mwembamba, umri kama wangu, akiitwa Hana. "Shikamoo, Bibi," alimwambia Mama. Mama akageuza uso kumtafuta huyo Mswahili yuko wapi. Kumbe Hana alifanya kazi huko kwenu Mombasa miaka minne. Mnanijua, maswali yalinijaa kinywani, lakini nikayameza.

Siku ya pili Mama alipasuliwa. Akalazwa chali, kichwa kimebanwa na vifuko vya mchanga, macho yote yamefungwa bendeji. "Asitikisike," Hana aliniambia. "Akijigusa tu, niite. Chumba changu ni kile pale, ng'ambo ya ua."

Siku ya tatu, mchana, mpishi alileta uji akagonga mlango wa wodi. Mama akakurupuka usingizini, akaishika bendeji na kuivuta. Nikakimbia kwa Hana, nikagonga kwa ile pete ya chuma ya mlangoni. Kimya. Na kandambili zake zipo kizingitini. Nikagonga kwa ngumi. Kimya. Nilimtukana moyoni, siwafichi. Mwisho ulimi ukajisemea wenyewe: "Hodi! Hodi, Hana!"

Sauti ndogo ikatoka ndani. "Uko peke yako?"

"Mie na nani tena? Mama kavuta bendeji!"

Akafungua, jasho linamtiririka, akapita mbio miguu mitupu. Jicho, alhamdulillahi, lilikuwa salama.

Jioni, Hana alipokuja kumtazama Mama, sikuweza kunyamaza. "Ulikuwa macho wakati ule, eti?"

"Nilikuwa macho." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mimi ni Yahudi. Nilikuwa na miaka sita, wakati wa vita vikuu, askari walipofika mjini kwetu kututafuta. Waligonga kwetu, wazazi wangu wakafungua. Sikuwaona tena. Jirani, mama mmoja dobi, alinificha nyuma ya kabati lake miaka miwili. Mlango ukigongwa, nisikohoe, nisilie. Yeye hakugonga. Alikuja peke yake na mkate, akaniita jina langu kwenye ufa."

"Lakini hapa ni Maskati," nilisema.

"Mimi najua niko Maskati. Miguu haijui. Wenzangu hapa wote huniita kwa sauti, wewe hukuambiwa. Mombasa nilipenda hodi. Mtu anatoa sauti, unamjua ni nani, halafu anangoja."

Mama alikuwa amelala chali vilevile. Nikadhani kalala.

Siku ya kufunguliwa bendeji, Mama alimtazama Hana kwanza, muda mrefu, kabla ya kunitazama mie. "Kumbe mdogo hivi," alisema, akamshika mkono.

Sib tulirudi na jicho moja zima. Siku ya pili jirani alikuja kumpa Mama pole, akaigonga pete ya chuma mlangoni kwetu. Mama alikuwa anakunywa uji; akashtuka, ukammwagikia mapajani. Jirani alipokwisha kuondoka, Mama akasema, "Ing'oe pete ile."

"Kwa nini?"

"Miaka mitano nnaisikia."

Mie nilikuwa nimeshaolewa huku mapinduzi yalipotokea Unguja. Mama alikuja kutoka huko mwaka ule na furushi moja la kanga, akasema safari ilikuwa njema. Nikamwamini.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema. "Wewe unauliza wageni."

Pete niliing'oa siku ileile, kisha nikakaa chini nikamuuliza nani walimgongea mlango Unguja. Nyinyi mkija, pigeni hodi, mngoje.