Mwalimu Aliyethubutu Kusema Hajaelewa

Msomaji wangu, Ijumaa iliyopita nilikuwa Nangurukuru nasubiri chapati zangu, mama muuzaji akaniambia kwamba yule mwalimu mstaafu wa Kiingereza wa Kiranjeranje ametangulia mbele ya haki. Nilisema inna lillahi, nikakaa kwenye benchi. Nilihuzunika, ndiyo, lakini zaidi niliogopa, na hadi sasa naogopa. Wiki ijayo mke wangu anarudi Lindi kupasuliwa mara ya pili, na daktari ni yuleyule mgeni asiyejua Kiswahili.

Marehemu nilimfahamu wodini hapo, safari ya kwanza. Alikuwa akimuuguza dada yake kitanda cha jirani. Daktari alikuja kwetu, akasema maneno mengi kwa upole, akatutazama. Kila neno peke yake nililijua. Yakikaa pamoja yananikimbia. Waingereza huchukua "toa", wakabandika "juu", wakapata "give up", kukata tamaa. Huchukua "tazama", wakabandika "baada ya", wakapata "look after", kutunza. Kitabuni nitajikongoja, lakini mtu akivitema vijineno hivyo harakaharaka, nimekwisha. Na kwetu mgeni haambiwi arudie alichosema, ni kumvunjia heshima. Basi sote tuliitikia ndiyo: mimi, mama mkwe, hata mgonjwa mwenyewe. Daktari akaondoka, mama mkwe akafungua chupa ya uji.

"Bwana, umeelewa alichosema?" mwalimu aliniuliza.

"Kidogo, mzee."

"Mimi nimefundisha Kiingereza mpaka nimezeeka, na sijaelewa. Mama, hebu subiri na huo uji."

Akamfuata daktari mlangoni, akamwambia hayohayo kwa Kiingereza, wodi nzima ikisikia. Daktari alirudi, akaonyesha mdomo, akatikisa kidole, akaeleza polepole, mwalimu akatufasiria. Mgonjwa asile chochote, anaingia kupasuliwa sasa hivi. Akila, anaweza kupaliwa akiwa kwenye nusukaputi na asiamke tena. Kijiko kilikuwa tayari mkononi mwa mama mkwe. Hadi leo nikikiona kijiko kile kabatini, nachukua kingine.

"Kitenzi ukikijua usijidai," mwalimu aliniambia baadaye. "Hako kaneno kanakokifuata ndiko kenye amri."

Husemwa kuuliza si ujinga, lakini nani kati yetu alilelewa hivyo? Darasani aliyeuliza alichekwa. Kwenye semina za korosho mtaalamu mgeni huuliza kama tuko pamoja, ukumbi mzima ukaitikia, kisha nje kila mtu anamuuliza mwenzake kasema nini. Heshima hii inanitisha kuliko kisu cha daktari. Tulimzika mwalimu kesho yake baada ya Adhuhuri, nami pale makaburini nilikuwa nawaza: sasa nani atatusemea?

Jana mke wangu alinikalisha jikoni tufanye mazoezi, yeye akajifanya daktari. Akabwabwaja maneno ya ajabuajabu huku akicheka, nami nilitakiwa nimkatize. Niliitikia ndiyo. Akaacha kucheka.

"Baba watoto," akasema, "tumbo ni langu."

Tukaanza upya, na safari hii nilisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: samahani daktari, sijaelewa, sema tena.