Pima Mbili Zilizozidi

Mimi kusoma sikusoma. Chuoni kwa Kurani nilifika juzuu ya Amma tu, na skuli niliacha mara tu nilipojua kuandika jina langu. Kwa hivyo ile karatasi ya ofisi ya maji ya Kwale niliiona vizuri, ina muhuri wa buluu, lakini kilichoandikwa ndani sikukijua, na kumwomba mtu anisomee niliona haya. Fundi mzima wa visima!

Ilikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya El Nino. Mvua hiyo ilitubomolea vyoo, ikakata barabara ya Msambweni, na mimi ikanizamishia mbuzi, lakini hayo nayaacha. Mwaka wa pili vuli haikunyesha kabisa. Visima vya nyuma ya Diani vikapungua, na Ramadhani ikaingia jua likiwa kali.

Alinijia bwana mmoja wa bara, mwenye vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa mahoteli. Alikuwa na kisima cha zamani, na alikuwa amenunua mashine ya kuvuta maji.

"Mzee, wewe ongeza chini tu," akaniambia. "Ruhusa ndiyo hii, iko na stampu."

Nikamchukua shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye siku zote ndiye mvuta ndoo wangu. Nyumba yao iko ng'ambo ya ua wa makuti wa bwana huyo, na kisima chao kiko hapo hapo.

Lazima nieleze kidogo. Kwetu pwani maji matamu hayako chini kabisa. Yamelala juu ya maji ya bahari, kama samli juu ya mchuzi; ukipita chini ukavuta kwa nguvu, ya chumvi hupanda hata kwa jirani. Fundi akipasua jiwe, kila shubiri moja hutia ulimi. Yakianza kuwa mazito ulimini anaacha papo hapo, hata mwenye kisima alie. Mimi kazi hiyo niliifanya miaka mingi bila kipimo chochote ila ulimi wangu. Na siku hiyo nilikuwa nimefunga.

"Onja!" shemeji akanipigia kelele kutoka juu.

"Nimefunga."

"Onja uteme! Mwenyezi Mungu anakuona uko shimoni, atadhani unajificha kula?"

"Tutaonja magharibi," nikamwambia, nikapiga mtaimbo. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu. Nikashuka pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, nikashuka ya pili. Ukweli ni kwamba nilitaka kumaliza niende nikalale.

Magharibi nilifungua kwa tende, kisha nikanywa yale maji niliyoyatia kwenye chupa. Munyu, chumvi ya bahari. Nilirudi mbio, lakini mashine ilikuwa imekwisha kuwashwa, inanguruma, na bwana yule akanicheka. "Mzee, maji ya kuoga haina shida."

Baada ya siku chache tulikuwa tunafuturu kwa dada yangu. Akaonja uji, akamgeukia mkwewe. "Mwanamke wewe, umemwaga kopo zima la chumvi?"

"Sikutia chumvi, mama. Wallahi sikutia hata chembe."

"Basi imeingia kwa miguu yake!"

Mimi na shemeji tukaangalia mkeka. Yule mwanamwali akalia, nami nikaendelea kunywa uji. Jambo hilo linaniuma kuliko yote mpaka leo.

Kufika Idi visima vitano vya mtaa ule vilikuwa vimeharibika, na wenyewe wakapanda Kwale kushtaki. Kabla afisa hajaja, bwana yule alinifuata barazani. "Ukiulizwa, sema hii kisima ilikuwa hivyo tangu zamani. Ukisema ulichimba, tunashikwa sisi wawili. Mimi nitatoka. Wewe je?"

Sheria ya maji sikuijua, ila nilijua jela iko wapi.

Afisa alikuwa binti, umri wa mwanangu wa tatu. Alisema shikamoo kwa kila mzee aliyekuwapo, kisha akateremsha kamba yenye jiwe, akahesabu mafundo. Akafungua ile karatasi, akaisoma kwa sauti: ruhusa ni ya kusafisha kisima, si ya kuongeza kina, wala mashine isifungwe.

"Kina hiki ni cha zamani," bwana yule akasema. "Uliza fundi."

Binti akanigeukia. "Baba, ni cha zamani?"

Dada yangu alikuwa amesimama na ndoo tupu kichwani. Shemeji akakohoa. Kama ningesema ndiyo, mashine ingeendelea kuvuta, na kisima cha dada ndio basi tena. Kama ningesema la, kazi ingenitoka mikononi, na pengine ningelala ndani.

"Pima mbili za chini nilichimba mimi," nikasema. "Mwezi huu uliokwisha. Na sikuonja."

"Nilimwambia aonje!" akadakia shemeji.

"Ulinyamaza kwenye uji," dada akamjibu, na hapo nikajua amekwisha kutuelewa wote wawili.

Afisa akaamuru mashine ing'olewe siku ile ile, na pima zile mbili zizibwe kwa mawe na chokaa. Bwana yule akaitwa Kwale na mashtaka. Mimi nikaambiwa nisichimbe popote bila kuja ofisini kwanza nisomewe ruhusa, na kuziba nizibe mwenyewe. Nikashuka, nikaziba siku tatu, mikono ikachunika kwa chokaa.

Nilipotoka dada yangu alikuwa ananingoja penye ua.

"Kusema umesema, kaka, ahsante. Sasa mimi nipike na nini?"

"Yatarudi. Yape muda."

"Muda hauchemki." Akaniwekea madumu mawili miguuni.

Kwa hivyo kila asubuhi nilipanda baiskeli mpaka ng'ambo ya lami, kwenye kisima ambacho hakikuguswa, nikamletea maji. Masika yakaja, yakaisha. Asubuhi moja nikamwuliza kama maji ya kisima chake bado yana munyu. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso. Akanisukumia madumu kwa mguu.